Kila mtoto na mruko wake

Mzazi aliyelea watoto zaidi ya mmoja analijua jambo hili bila kufundishwa: watoto waliotoka tumbo moja, wakala sinia moja na kulala chumba kimoja, hata kamba za viatu hawafungi sawasawa. Mmoja akipita uani anajulikana kwa kishindo. Mwingine anajulikana kwa sababu hakuna aliyemsikia.

Mugango, kandokando ya Ziwa Victoria mkoani Mara, tofauti hiyo inaonekana hata kwa watu wazima. Mtumbwi ukiwa bado mbali, waliosimama ufukweni huweza kusema ni nani anayepiga kasia kabla sura haijaonekana. Kasia ni zilezile na maji ni yaleyale, lakini mmoja anavuta taratibu kwa mikono mirefu, mwingine anakata maji haraka haraka kama anayefukuzwa. Wote wawili wanafika.

Mama mmoja wa huko, anayeanika dagaa na kuwauza kwa debe, ana wana wawili. Wa kwanza ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Wa pili ana miaka 12, yuko darasa la sita. Jumamosi jioni, kazi za nyumbani zikiisha, huungana na wenzao kwenye mawe makubwa yaliyoingia ziwani na kuanza kuruka.

Kaka mtu huja mbio kutoka nyuma, anapiga kelele, anatupa mikono, anapiga samasoti na kuangukia majini kwa kishindo kinachowalowesha hata waliokaa kando. Watoto wote hushangilia. Mdogo wake hana kelele. Husimama kwanza, vidole vya miguu vikiwa ukingoni mwa jiwe, akavuta pumzi. Akiruka, hupanda wima, akifika juu hujikunja kidogo, kisha hujinyoosha na kuzama kama mwiko kwenye uji. Maji hayaruki. Akiibuka, wenzake wameshaanza kumtazama mwingine.

"Mbona huruki kama kaka yako?" Hilo ndilo neno alilozoea kuambiwa. Lilisemwa na wenzake, na mjomba wake aliyekuwa akishona nyavu karibu na hapo, na hata wapita njia. Hakuna aliyelisema kwa ubaya. Lilikuwa neno la utani tu.

Jumamosi moja yule mdogo akapanda jiwe la juu zaidi, akarudi nyuma, akaja mbio na kupiga kelele kama kaka yake. Mwili haukuizoea ile mbio. Mguu uliondoka jiweni mapema, samasoti ikaishia katikati, akaangukia mgongo. Waliokuwepo wanasema sauti yake ilikuwa kama ubao ulioanguka sakafuni. Aliyejitosa wa kwanza kumtoa alikuwa kaka yake.

Zahanati walimwangalia wakaona hakuna mfupa uliovunjika. Lakini kwa siku mbili alilala kifudifudi, mgongo umekuwa mwekundu. Baba alitoa amri fupi: "Kuanzia leo, hakuna mtoto wa nyumba hii kuruka ziwani." Mama hakubishana naye mbele ya watoto. Usiku alikwenda kukaa kando ya kitanda.

"Kwa nini uliruka vile, mwanangu? Wewe huruki hivyo."

Mtoto alinyamaza kidogo, kisha akajibu: "Wanasema ya kwangu si staili, mama."

Jibu hilo lilimkaa mama moyoni kuliko ile michubuko. Maana swali lililobaki hapo halikuwa la ziwa tena. Lilikuwa hili: staili ni nini, na nani anaamua kwamba mtoto huyu anayo na yule hana?

Wanaoruka kwenye theluji

Msaada ulitoka mahali ambapo mama hakupategemea. Kaka mtu, akiona mdogo wake hatoki kitandani, alichukua simu ya mama na kumwonyesha video za mchezo ambao yeye mwenyewe alikuwa akiupenda: kuteleza kwenye theluji kwa mtindo huru. Mama naye akasogea kutazama.

Kwa mtu ambaye theluji ameiona kwenye picha ya Mlima Kilimanjaro tu, mchezo huu unahitaji maelezo kidogo. Mchezaji hufunga miguuni skii, yaani mbao mbili ndefu na nyembamba, akashuka mteremko kwa kasi. Chini kuna kilima cha theluji kilichojengwa makusudi ili kimrushe juu. Akiwa hewani hujizungusha, hubinuka, hushika skii zake kwa mkono, kisha hutua na kuendelea kuteleza. Wapo wanaoondoka kinyumenyume na wanaotua kinyumenyume.

Mchezo huu ulizaliwa na watu waliochoshwa na amri. Mashindano ya zamani ya skii yalipima jambo moja tu, nani amefika chini kwanza. Lakini Stein Eriksen wa Norway, aliyeshinda medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1952, alihamia Marekani na huko akawa akiwafurahisha watazamaji kwa kupiga samasoti akiwa na skii miguuni. Miaka ya 1960 na 1970 vijana wa Marekani wakaufanya uhuru huo kuwa mchezo kamili. Shirikisho la kimataifa la skii liliutambua mwaka 1979, na mwaka 1992 ukaanza kutoa medali za Olimpiki huko Albertville, Ufaransa.

Lakini uhuru ulipoingia kwenye mashindano, likaja swali lilelile la Mugango. Saa inaweza kusema nani amewahi kufika. Ni nani atakayesema mruko upi ni mzuri?

Majaji walijitahidi kuligawa jambo hilo kwa tarakimu. Katika tawi moja la mchezo huo, lile la kuruka juu sana na kupiga samasoti kadhaa kabla ya kutua, utaratibu uliozoeleka ni asilimia 20 ya alama kwa kuondoka na kimo, asilimia 50 kwa namna mwili ulivyokaa hewani, na asilimia 30 kwa kutua. Jumla huzidishwa kwa kiwango cha ugumu wa mruko. Maana yake ni kwamba nusu ya alama iko kwenye namna mchezaji anavyoubeba mwili wake akiwa juu. Ugumu unahesabiwa, lakini kuzunguka mara nyingi huku mikono inapepea na miguu imeachana hakumpeleki mtu mbali.

Kwenye matawi mengine majaji hutazama mruko kwa ujumla wake: kimo, ugumu, namna mambo yalivyobadilishwabadilishwa, na utulivu wa utekelezaji. Huko ndiko staili ya mtu inakoonekana waziwazi. Wachezaji wawili wanaweza kuzunguka idadi ileile. Mmoja anagusa skii kwa ncha za vidole na kuiachia papo hapo. Mwingine anaishika barabara na kuing'ang'ania mpaka anakaribia kutua, mwili umetulia kana kwamba haanguki. Mmoja anazunguka haraka kama pia, mwingine anaanza polepole hadi mtazamaji anaogopa kwamba hatamaliza. Anayeufuatilia mchezo huo kwa muda huweza kumtambua mchezaji hata akiwa amefunika uso kwa miwani na kofia, kama vile watu wa Mugango wanavyomtambua mpiga kasia.

Staili na mbwembwe

Kiswahili kimetupa maneno ya kutosha kwa jambo hili. Kuna mbwembwe, kuna madoido, kuna mikogo. Yote yanahusu yale anayoyafanya mtu kwa ajili ya macho ya watu. Staili ni kitu kingine. Kipimo chake chepesi ni kuuliza: je, mtu huyu angefanya hivi hata kama hakuna anayemtazama?

Mama yule alikijaribu kipimo hicho kwa wanawe bila wao kujua, na alichogundua kilimshangaza. Alikuwa akidhani kelele na mikono ya kaka mtu ni mbwembwe tupu, za kutafuta kushangiliwa. Lakini akakumbuka alivyokuwa akimwona akishuka peke yake asubuhi kuoga ziwani: alikuwa anakuja mbio vilevile na kupiga kelele vilevile, hakuna hata mtu mmoja ufukweni. Huyo ndiye yeye. Furaha yake hutoka kwa sauti. Na yule mdogo, tangu akiwa na miaka mitatu, alikuwa hawezi kuvuka mfereji bila kusimama kwanza na kuupima kwa macho. Huyo naye ndiye yeye.

Kwa hiyo wote wawili walikuwa na staili. Mbwembwe ilikuwa moja tu, nayo ni ile samasoti ya Jumamosi, mruko wa mtu mwingine uliovaliwa na mwili usio wake. Nguo ya kuazima ikibana, mtu huivua akapumzika. Mruko wa kuazima hauvuliki ukiwa hewani.

Wanaoijua kazi ya sarakasi wanalielewa hili vizuri. Watanzania wawili wanaojulikana kama Ramadhani Brothers, Fadhili Ramadhani na Ibrahim Jobu, walishinda shindano la America's Got Talent: Fantasy League mwezi Februari 2024 nchini Marekani. Wanasarakasi ni wengi duniani, na kusimama kwa kichwa ni jambo ambalo wengi wao hujifunza. Hawa wawili walilichukua jambo hilo la msingi wakalifanya kuwa lao: mmoja anasimama kichwa chini miguu juu, kichwa chake kikiwa juu ya kichwa cha mwenzake, na anayebeba anatembea naye. Hakuna kelele nyingi. Watazamaji hushika vifua kwa sababu ya utulivu wenyewe.

Zanzibar nako, kwenye ukuta wa bahari wa Forodhani, vijana hujirusha majini jioni mbele ya watu. Anayekaa pale kwa saa moja ataona kwamba ukuta ni mmoja lakini miruko haifanani. Kuna anayeruka kama samaki, kuna anayebinuka mara mbili, kuna anayetanua mikono akaonekana kama ameganda hewani. Ila wote wanashika sharti moja lisilo na staili yoyote: maji lazima yawe yamejaa. Yakipwa, ukuta ni wa kukalia.

Alama zisipokuja

Kuna ugumu mmoja ambao mzazi hawezi kumficha mtoto: mwenye staili yake hashangiliwi kila mara.

Jonny Moseley wa Marekani alishinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 1998 kule Nagano, Japani, kwenye mbio za kushuka vilima vidogovidogo vya theluji zenye miruko ndani yake. Miaka minne baadaye, huko Salt Lake City, alikuja na mruko alioubuni mwenyewe, wa kuzunguka mara mbili akiwa amelala upande hewani. Wakati huo kanuni za tawi hilo zilikataza samasoti, na mruko wake ulipita pembeni kabisa ya katazo hilo. Uwanja ulishangilia sana. Majaji walimpa nafasi ya nne, akarudi nyumbani bila medali. Baadaye kanuni zililegezwa na miruko ya kubinuka ikaruhusiwa.

Mtoto anayejua habari kama hiyo anajua pia kwamba makofi na ubora ni vitu viwili, na kwamba havifiki kila mara kwa wakati mmoja. Kwa mtoto wa miaka 12 ambaye wenzake wanageuza macho kabla hajaibuka majini, hilo si somo dogo.

Simu ya mama

Kisa kilichomgusa zaidi mama yule ni cha Eileen Gu, binti aliyezaliwa San Francisco, Marekani, mama yake akiwa Mchina, na aliyeshindana kwa niaba ya China. Tarehe 8 Februari 2022, katika Olimpiki ya Beijing, alikuwa na miaka 18. Ulikuwa umebaki mruko mmoja na Tess Ledeux wa Ufaransa alikuwa akiongoza. Gu alizungumza na mama yake kwa simu. Mama alimshauri afanye mruko anaoumudu, wa kuzunguka mara nne, auboreshe na kulinda nafasi yake. Binti alikataa kwa heshima. Alichagua mruko wa kuzunguka mara nne na nusu, ambao hakuwahi kuufanya kwenye mashindano. Akatua, akapata alama 94.50 na medali ya dhahabu.

Ni rahisi kukisimulia kisa hiki kana kwamba mama alikosea na mtoto akawa sahihi. Sivyo. Mama alifanya kazi yake, alisema wazi alichokiona ni salama. Na binti hakuwa anajaribu bahati yake. Nyuma yake kulikuwa na miaka ya mazoezi, walimu, mito ya hewa ya kuangukia wakati wa kujifunza, na mwili unaojua kila hatua ya kuingia na kutoka. Nusu mzunguko aliouongeza ulikaa juu ya mizunguko minne aliyokuwa ameimudu tayari. Tofauti yake na mtoto wa Mugango ilikuwa hapo. Gu aliongeza kidogo juu ya kile kilicho chake. Mtoto yule aliacha kilicho chake akachukua kizima cha mwingine.

Upondo na jiwe lililozama

Mama alimweleza baba mambo hayo. Baba, mvuvi wa miaka mingi, hakuvutiwa sana na theluji, lakini neno moja lilimshika: mahali pa kuangukia. Yeye mwenyewe aliruka kutoka mawe yale akiwa mtoto na aliamini anayajua. Siku iliyofuata aliingia na mtumbwi, akachukua upondo na kuanza kupima kina chini ya kila jiwe.

Ziwa halikai pamoja. Mwaka 2006 kina cha Ziwa Victoria kilishuka sana, na mwaka 2020 kilipanda mpaka kupita rekodi iliyokuwepo tangu miaka ya 1960. Jiwe ambalo baba alilijua likiwa nje ya maji utotoni linaweza leo kuwa limefunikwa, lisionekane na yeyote. Ndivyo ilivyokuwa. Chini ya lile jiwe la juu, upondo uligonga mwamba kabla haujazama hata nusu. Ulikuwa kama hatua mbili kutoka pale mtoto alipoangukia.

Baba alirudi nyumbani akiwa kimya. Amri yake aliibadilisha, lakini hakuifuta. Jiwe la juu likafungwa kabisa, si kwa wanawe tu bali kwa watoto wote wa jirani, na wazazi wao wakaambiwa. Kwenye mawe yaliyobaki hakuna kuruka bila mtu mzima ufukweni, hakuna kusukumana, hakuna kuruka jua likizama kwa sababu ya mamba na viboko. Mruko wa kwanza wa siku ni wa miguu kwanza. Anayetaka kujaribu jambo jipya alijaribu jiwe la chini mpaka alizoee. Na kwa kuwa maji ya ufukweni yana kichocho, watoto wasikose dawa inapotolewa shuleni.

Mama naye aliongeza sharti lake, akalisema mbele ya mjomba na wote waliokuwepo: "Hapa nyumbani hakuna tena 'kama kaka yako'."

Mjomba alicheka. "Dada, hata utani?"

"Hata utani."

Wazazi wengi watasema haya ni mambo ya michezo tu. Lakini sentensi ile ile ya ufukweni husemwa mezani, shuleni na mbele ya wageni: mbona husomi kama dada yako, mbona huchangamki kama mwenzako. Mtoto anayeisikia mara nyingi hatageuka kuwa dada yake. Atajifunza tu kujionea aibu yeye mwenyewe, na siku moja atapanda jiwe lisilo lake.

Walimu wa darasa la kwanza wana mfano mzuri wa jambo hili. Huandika herufi zilezile kwenye ubao mmoja, watoto wote wakazinakili. Ikifika muhula wa pili, mwalimu akiokota daftari lisilo na jina anajua ni la nani. Huyu herufi zake zimelala, yule zimesimama, mwingine ni ndogo kama chungu. Mwalimu mwenye busara hawalazimishi wote waandike mwandiko mmoja. Anasisitiza mambo mawili tu, herufi zisomeke na mstari usirukwe.

Mzazi naye ana mistari yake ya kulinda: kina cha maji, muda wa kurudi, msingi usiorukwa, heshima kwa wengine. Hiyo ndiyo kazi ya upondo, na hakuna mtoto anayeweza kuifanya badala ya mzazi. Yakishapimwa hayo, namna mtoto atakavyojikunja akiwa juu, kwa kelele au kwa ukimya, ni yake.